Mlango wa Mzee Abeid

Tulimzika Boay Jumamosi iliyopita, kule Nakwa, mvua ikinyesha kidogo kidogo. Katekista alisoma wasifu wa marehemu akiwa amefunikwa na mwamvuli wa mtu mwingine. Alisema Boay alifanya kazi ya ulinzi sehemu mbalimbali za mji wa Babati, na kwamba hakujaliwa mke wala mtoto. Ikaishia hapo, tukaimba. Nilirudi nyumbani na matope kwenye viatu, nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Mume wangu Yohana alitangulia zamani kidogo, na sasa nimebaki peke yangu ninayejua yaliyompata Boay mwaka ule mkoa wetu ulipokuwa mpya. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Lakini sikupenda maisha ya mtu yaishie kwenye sentensi mbili chini ya mwamvuli, kwa hiyo naandika kama nilivyoona.

Mwaka ule Babati ililala ikiwa wilaya, ikaamka ni makao makuu ya mkoa. Watu wa ofisi walikuja na magodoro juu ya malori. Vyumba vilivyokuwa vya kuku vilipakwa chokaa vikapata wapangaji. Kila mara msafara wa magari ulikuwa unapita, sisi tunaambiwa tusimame kando ya barabara, na watoto wa shule wanapewa matawi ya kupunga. Mimi na Yohana tulikuwa tumepanga Maisaka, chumba kimoja cha kulala, na mbele yake banda la mbao na mabati ambalo lilikuwa ndiyo riziki yetu. Lilikuwa banda la video. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi meusi ili mwanga usiingie. Mabenchi hayakuwa na migongo. Runinga ilikaa juu ya meza yenye kitambaa nilichofuma mwenyewe, na chini yake deki ya mikanda. Yohana alikaa pembeni ya runinga na maikrofoni, mimi nikakaa nyuma karibu na mlango na jiko la mkaa, nikiuza chai, karanga na maandazi. Neema wetu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na nadhani alijifunza kulala kwa milio ya bunduki.

Kazi ya Yohana ilikuwa kusema. Picha zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani, na wateja wetu walikuwa makuli wa stendi, mafundi wa ujenzi na wauza mitumba, wasiojua hata neno la huko. Yohana alifika kidato cha nne. Aliyasoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, na pale yalipomshinda alijaza mwenyewe. Hakuona kuwa ni uongo. Watafsiri wote wa mabanda walifanya hivyo, maana hakuna anayelipa kiingilio ili aambiwe "hapa sijaelewa." Mchina angeweza kumwambia mwenzake kwamba ametoka Dareda kununua vitunguu, na banda zima likacheka. Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo hata Yohana hakuigusa, nayo ni kwamba stelingi hafi. Stelingi ndiye mwenye picha. Atapigwa, atachomwa moto, atatupwa mtoni, lakini hafi. Mtu akichelewa, kabla hata ya kukaa, anauliza gizani, "Stelingi ni yupi?" ili ajue wa kumwekea moyo wake. Akishaambiwa, anakaa na kutulia.

Boay alikuwa mtu wa Mzee Abeid. Sijui niseme vinginevyo. Mzee Abeid alikuwa na duka la jumla karibu na soko, mtu wa kanzu safi na maneno machache, ambaye wazazi wake walitoka pwani siku nyingi. Alimkuta Boay stendi akiwa kijana mwenye homa, akamchukua, akamtibia, na Boay hakuondoka tena. Usiku alilala kwenye baraza la duka na rungu na tochi. Mchana alibeba magunia, alipeleka salamu, alimchemshia Mzee uji. Mzee akienda msikitini, Boay, ambaye ni Mkatoliki, alimfuata nyuma na mwamvuli, kisha akakaa nje kulinda viatu mpaka swala iishe. Watu walimtania kwa hilo. Walimwita mkia. Yeye hakujibu, wala hakuonekana kuumia. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwembamba, na alizungumza Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto akipapasa mawe kwa miguu. Mchana, Mzee akijilaza baada ya swala ya adhuhuri, Boay alipewa ruhusa ya kupumzika kidogo, na mapumziko yake yalikuwa benchi la mbele la banda letu.

Ile mikanda ya Kijapani aliileta dereva mmoja wa lori kutoka Arusha, ikiwa kwenye mfuko wa unga. Ilikuwa hadithi moja ndefu iliyogawanywa mikanda kadhaa, na tuliionyesha mkanda mmoja kila wiki. Stelingi aliitwa Genzo, na kazi yake ilikuwa samurai. Wateja walikuwa wameshaona samurai wa kurukaruka juu ya mapaa, kwa hiyo walikuja wengi, wakitegemea vita. Vita haikuwepo. Kulikuwa na mtu aliyenyoa utosi na kufunga nywele zilizobaki kwa kamba, mwenye panga mbili kiunoni ambazo hakuzichomoa, akipiga magoti siku nzima kwenye lango la bwana wake. Bwana akitoka, anainama. Bwana akirudi, anainama. Makuli walianza kunung'unika.

"Huyu atapigana lini, Baba Neema?"

"Subirini," Yohana alisema kwenye maikrofoni. "Huyu ni mtumishi wa kiapo. Amekula kiapo kwa bwana wake, na baba yake alikula kwa baba wa bwana. Hapigani mpaka aambiwe."

"Analipwa shilingi ngapi?"

Yohana aliangalia maandishi. "Halipwi hela. Analipwa mchele. Anapimiwa kwa mwaka."

Gizani mtu mmoja akapiga kelele, "Kumbe ni Boay!" na banda likalipuka. "Boay, una ndugu Japani!" "Mwambie akuazime upanga, hilo rungu limechoka!" Walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Boay alingoja watulie, kisha akasema kwa utulivu kabisa, bila kugeuka, "Mimi napewa na sukari pia." Wakacheka zaidi, lakini safari hiyo walicheka pamoja naye, na tangu siku hiyo walimwachia nafasi ya katikati, mbele kabisa, kama mwenye picha.

Nami nilianza kuangalia, mimi ambaye kwa kawaida nilikuwa nimeipa runinga mgongo, macho yangu kwenye birika. Kulikuwa na mkanda ambao Genzo, kwa kuwa mchele haukutosha, anakaa chumbani kwake amefunga milango na kutengeneza miavuli ya karatasi ya kuuza, akiona aibu, majirani wasije wakajua. Aliipaka gundi, akaipuliza, akaiweka ikauke, na panga zake mbili zikiwa ukutani nyuma yake. Kulikuwa na mwingine ambao bwana anasafiri kwenda mji mkuu, anabebwa kwenye machela, na Genzo anatembea nyuma yake siku nyingi, mvua na vumbi, na wanakijiji wanalala kifudifudi kando ya barabara mpaka msafara upite. Yohana alisema hapo, "Sawa na sisi, isipokuwa sisi tunapewa matawi," na watu wakapiga makofi. Kulikuwa na mahali Genzo anaomba ruhusa ya kuoa, bwana anakaa kimya, na kile kimya ndilo jibu. Genzo akainama, akarudi langoni. Nilimsikia Boay akivuta pumzi pale. Mzee Abeid hakuwahi kumkataza kuoa, lakini nadhani naye aliwahi kukutana na kimya.

Baada ya picha Boay alikaa nami jikoni, kama sehemu ile nyuma ya banda inaweza kuitwa jiko, na nilimpa makande au ugali na kambale wa ziwani. Alimuuliza Yohana maswali ambayo hakuna mteja mwingine aliyeyauliza. Bwana akiumwa, Genzo analala wapi? Chakula cha bwana nani anakionja? Akizeeka, nani anampa nafasi ya kukaa? Yohana alijibu alichokijua, na asichokijua, kwa mazoea yake, alijaza. Mimi nilikuwa nikichambua mboga nikisikiliza. Kwa kweli, naona sasa kwamba Boay hakuwa anauliza habari za Japani.

Dada yake Elizabeti alikuja siku moja ya soko na kumkuta pale. Alikuwa amebeba mlenda na mayai kutoka Nakwa, mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kufa, na yeye, ambaye ndoa yake ilivunjika, ndiye aliyebaki kulima shamba la baba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ila binamu ameanza. Anaonyesha watu shamba. Wageni wa mkoa wanataka viwanja, na yeye anawaambia shamba halina mwenyewe. Watu wa kupima wakija wataniuliza, mwanaume wa hapa yuko wapi? Nitasema yuko dukani kwa Mwarabu anashika mwamvuli?"

"Mzee si Mwarabu," Boay alisema.

"Sawa, si Mwarabu. Wewe uje usimame kwenye mpaka. Siku moja tu, watu wakuone. Halafu urudi kwenye mwamvuli wako."

"Mzee anaumwa, Eliza. Akipona nitakuja."

Alinigeukia mimi, kama wanawake wanavyogeukiana. "Mama Neema, mwambie. Mimi nikisema ananisikia kama kuku." Nilimwambia. Boay alitabasamu, akala, akarudi dukani. Mzee Abeid alikuwa anaumwa kweli. Kikohozi kilikuwa kimemshika tangu kiangazi, na sasa alikuwa anatema vitu ambavyo Boay alivifukia kwa mchanga ili watu wasione. Siku moja, akiosha sahani yake kama alivyozoea, ingawa nilimkataza, alisema bila kuniangalia, "Shemeji, Mzee akiondoka na mimi nimekwisha." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayesema mvua ikikatika mahindi yatakauka. Nilimweleza Yohana, na Yohana akakaa na hilo neno.

Mkanda wa mwisho tuliutazama sisi wawili asubuhi, kama ilivyokuwa desturi yetu, ili Yohana ajue atasema nini. Neema alikuwa ananyonya. Bwana wa Genzo anaugua, anamwita Genzo kitandani, anamwambia jambo, kisha anakufa. Nyumba inajaa watu waliovaa nguo nyeupe za msiba. Genzo anaoga, anavaa nguo nyeupe, anakaa juu ya mkeka bustanini, anachukua kisu kifupi na kukifunga karatasi. Niliangalia pembeni. Nilipogeuka alikuwa ameanguka mbele, na maua ya mti fulani yanamwangukia mgongoni, ndipo picha ikaisha.

"Amejiua?" niliuliza.

"Amemfuata bwana wake. Kwao ilikuwa heshima."

"Stelingi amekufa, Baba Neema. Watavunja mabenchi."

"Mabenchi nitayatengeneza." Alikuwa anabonyeza deki kwa kidole, mkanda mbele, mkanda nyuma. "Boay je? Yule anakaa mbele kabisa. Mzee wake yuko kwenye kitanda kilekile."

"Sema kilichopo," nilimwambia. "Ni mtu mzima. Ataona mwenyewe ni mambo ya Wajapani."

"Na asipoona hivyo?"

Mchana banda lilijaa mpaka wengine wakasimama. Yohana alisema vizuri siku hiyo, polepole, bila mzaha, na watu walinyamaza hata karanga hawakutafuna. Bwana akafa. Genzo akaingia bafuni. Hapo Yohana alijifanya kukohoa, akainama kwenye deki, na picha ikageuka mistari, kisha ikawa nyeusi. "Jamani, deki imetafuna mkanda," alisema. Kelele zilianza. Akainua maikrofoni. "Tulieni, mimi nimeshauona, nitawamalizia kwa mdomo." Akawamalizia gizani. Alisema Genzo aliosha uso, akavaa nguo safi, akarudi langoni. Watu wote waliondoka, watoto wa bwana wakaenda mbali, yeye akabaki pale akilinda mlango wa bwana wake, mvua na jua, mpaka siku moja mrithi akarudi, akamkuta, akamwinua kwa mikono yake mwenyewe na kumkalisha kwenye mkeka mzuri. "Stelingi hafi," Yohana alimalizia. Walipiga makofi na miguu. Boay alikuwa amekaa mikono juu ya magoti. Alipotoka alimshika Yohana mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Asante, Baba Neema. Umesema vizuri." Yohana alifurahi sana. Jioni tulikula wali.

Mzee Abeid alifariki wiki iliyofuata, asubuhi. Watoto wake wa kiume wawili walifika kutoka Arusha kabla ya alasiri, na kwa kuwa Waislamu hawachelewi kuzika, jeneza lilitoka siku ileile. Nusu ya mji ilifuata, Wakristo na Waislamu. Nilikuwa upande wa wanawake, kwenye majamvi, nikamwona Boay amenawa, amevaa shati jeupe alilopewa na Mzee sikukuu iliyopita, anaelekea kushika jeneza. Mtoto mkubwa akamgusa bega. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechanganyikiwa na msiba. Alimwambia, "Boay, wewe baki. Dukani kuna mali na leo kila mtu anajua hakuna mtu." Boay alisema, "Sawa, bosi." Akarudi, akakaa kwenye ngazi ya mlango na shati lake jeupe, na msafara ukapita mbele yake. Aliinama. Sijui kama ni Waislamu walimfundisha au ni runinga yetu.

Siku chache baadaye wale vijana walipakia mali kwenye lori, wakafunga milango kwa kufuli kubwa, wakampa Boay mchele na sukari, wakasema, "Tutakuja tuone la kufanya." Hawakumwambia aendelee, wala hawakumwambia aache. Basi akaendelea. Duka tupu, milango imefungwa, na yeye anafagia baraza kila asubuhi na kukaa. Watu wa ofisi, wageni mjini, walimsalimia wakidhani anasubiri mtu. Masika yalianza. Paa la baraza lilikuwa linavuja, na alihamisha mkeka wake kulia na kushoto kufuata mahali pakavu. Hakuja tena kwenye video. Nilimpelekea chakula kwenye hotipoti, Neema mgongoni, na alipokea kwa mikono miwili, akakohoa akigeukia ukuta.

Elizabeti alikuja mara ya kwanza kwa maneno mazuri. Mara ya pili alikuja na miguu yenye matope mpaka magotini, akasimama mbele ya baraza hata asiingie kwenye kivuli. Nilikuwepo, nimekuja na uji.

"Wanapima Jumatano," alisema. "Wazee wawili wa kikao, binamu ameshawalisha mbuzi. Kaka, nakuomba."

"Nikiondoka mlango utabaki na nani?"

"Mlango wa nini? Ndani kuna panya!"

"Mzee alikuwa na watoto. Watarudi. Wakirudi wakute mtu."

"Nani amekuambia watarudi?"

Boay alisita. Kisha akasema, kwa aibu kidogo, "Yule wa Japani alikaa, na wakarudi."

Elizabeti aliniangalia mimi apate maana. Nilimwambia ni picha, ni hadithi ya video. Alikaa chini kwenye matope, mtu mzima, akaweka mikono kichwani. "Shamba la baba," alisema, "kwa video." Hakulia. Akainuka, akajipangusa, akaondoka upande wa Nangara bila kuaga, na mara ya tatu hakuja.

Nilimweleza Yohana neno kwa neno. Hakula mchana ule. Jumatano ilikuwa imepita, na siku nyingine juu yake, alipokwenda kumchukua Boay. Alimwambia kuna kitu lazima akione, na kwamba mimi nitakaa kwenye baraza mpaka arudi. Boay alikataa, Yohana akapiga magoti mbele ya watu wanaopita. Ndipo Boay akakubali, nadhani kwa kumwonea haya. Lakini sikukaa barazani. Nilimwomba fundi viatu wa jirani akae, nikawafuata, kwa kuwa niliogopa. Banda lilikuwa tupu. Yohana aliweka mkanda, hakushika maikrofoni, alikaa benchi moja na Boay na kusema kwa sauti ya kawaida. Alisema kila kitu kilichoandikwa, na mahali asipoelewa alisema, "Hapa sijaelewa." Genzo akavaa nyeupe. Genzo akaanguka. Maua yakaanguka.

Mkanda ukaanza kujirudisha wenyewe, ndipo Boay akauliza.

"Alikufa siku ileile ya msiba?"

"Siku ileile."

"Kumbe yeye alipumzika."

"Nisamehe, kaka," Yohana alisema. "Nilitaka usije ukafanya hivyo."

"Mimi nifanye hivyo?" Boay alishangaa kweli. "Mimi Mkatoliki." Akafikiri. "Pale kitandani, bwana wake alimwambia nini? Kabla hajafa."

Yohana alirudisha mkanda mpaka pale, akasoma mara mbili ili asikosee. "Anamwambia, usinifuate. Nakukataza. Nenda nyumbani kwa watu wako."

"Na yeye akakaidi."

"Akakaidi."

Boay alipangusa uso kwa kiganja. "Mzee naye aliniambia hivyo," alisema. "Asubuhi ile. Aliniambia, Boay, nenda kwa dada yako. Nikadhani ni homa inasema." Aliinuka, akainama kidogo kwa mazoea kwa sababu mlango wetu ulikuwa mfupi, akatoka. Alipita dukani, akafagia baraza, akakunja mkeka, akampa fundi viatu lile rungu lake. Alipita kwangu kuaga. Nilimfungia maandazi kwenye gazeti, akaondoka kwa miguu kuelekea Nakwa na jua likiwa bado juu.

Watu wananiambia kwamba hata kama Boay angefika Jumatano, binamu angeshinda, maana mbuzi walikuwa wameshaliwa. Inawezekana. Yohana hakulikubali neno hilo hata siku moja. Aliendelea na banda mwaka mmoja tu, kisha akaliuza na kujifunza useremala, na wateja walilalamika kwamba kabla hajaliuza alikuwa ameharibika, anasema tu maandishi, hana tena chumvi. Watoto wa Mzee Abeid walikuja mwishoni mwa mwaka, wakauza jengo kwa mtu wa kutoka Moshi. Hawakuuliza mlinzi alikwenda wapi. Nasema hivi bila kuwalaumu. Walikuwa na maisha yao Arusha.

Nilikwenda Nakwa kabla ya Krismasi, na Neema ambaye sasa alikuwa anatembea. Elizabeti alikuwa amehamia Bashnet kwa mwanamume mwingine. Niliuliza nyumba ya kina Boay, nikaonyeshwa ukuta mpya wa tofali na geti la bati lililopakwa rangi ya bluu, na pembeni, kati ya ukuta na korongo, kipande kilichobaki, chenye upana wa kibanda na migomba michache. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Nikabisha kwenye geti niulize, na aliyefungua alikuwa Boay, amevaa koti la mlinzi lililomzidi mabega.

Tulisalimiana kwa muda mrefu. Alimbeba Neema, akamuuliza kama anamjua. Aliniambia mwenye nyumba ni mtu wa ofisi, mtu mzuri, anakuja Jumamosi, alihitaji mtu anayeifahamu ardhi ya pale, wapi maji yanapita, wapi pana nyoka. Nani angeijua kumzidi? Kikohozi kilikuwa bado kimo kifuani. Nilitaka kumwambia salamu za Yohana, lakini Yohana alikuwa hajanituma salamu, alikuwa amenituma na shati jipya na hakuweza kusema ni la nini. Nikampa. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Ingia, shemeji, usisimame juani," alisema, akanifungulia geti lote kama gari linaingia. Ndani walikuwa wamepanda majani na mistari ya maua, na kuta za nyumba zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Neema alianza kukimbia moja kwa moja kuelekea kivulini.

"Hapana, mama, pita huku," Boay alimwambia, akamshika mkono kwa upole na kumzungusha pembeni. "Hapo palikuwa na mtama wetu. Sasa ni maua ya bosi."